Ukurasa wa 31

Ndugu zangu wasomaji, khasa nyinyi wa Pwani ambao najua mna masanduku ya magazeti chini ya vitanda,

Nataka kuwasimulia khabari ya kujalidi magazeti. Najua wako watakaosema, "Leo Maalim amekosa la kusema," kwani kujalidi ni kazi ya fundi, na gazeti likishasomwa ni la kufungia karanga. Mimi mwenyewe fikra hiyo nilikuwa nayo nusu yake. Sikuyafungia karanga, lakini niliyatia jalada bila ya kufikiri, na madhara yake yakamfikia mtu ambaye siku ile nilikuwa simjui, wala hakuwa amenikosea lolote.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Nilifika Mwanza mwaka 1984 kwa gari moshi, kuja kusomesha katika madrasa moja hapa mjini, na nia yangu ilikuwa kukaa miaka miwili. Mpaka leo nipo. Mwanza ni mji wa majabali. Jiwe kubwa kama nyumba limekaa juu ya jiwe jingine, na watu wanalala chini yake bila ya hofu. Mtu wa pwani akifika hapa hustaajabu kuona maji yasiyoonekana mwisho wake, kisha akiyaonja hayana chumvi. Jambo la kwanza nililolitambua mimi, kwa kuwa nilikuja na vitabu, ni kwamba huku vitabu haviingii kuvu upesi kama kwetu. Huku adui ni mwingine. Ziko nyakati ziwani panapanda wingu la vijidudu vyembamba, ukaliona kwa mbali kama moshi, na usiku vikafuata taa. Ukiacha kitabu wazi, asubuhi unakuta vimekufa kati ya kurasa, na doa lake halitoki.

Basi mwaka 1987 alifariki mzee mmoja, mfanyabiashara wa nguo na dagaa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mzee huyu kwa miaka mingi alikuwa akipokea kwa posta gazeti moja la Kiislamu la kila mwezi kutoka pwani, na hakulitupa hata moja. Jina la gazeti sitalitaja, kwa sababu nitakayoieleza. Yalikuwa matoleo 104, kuanzia Januari 1970 hadi Disemba 1978. Manne tu ndiyo yaliyopotea. Aliyaweka wakfu kwa madrasa yetu, na wiki chache kabla ya kufa aliniita, akanionyesha yalipo, ndani ya gunia mbili za sukari, akaniambia: "Maalim, haya si mali yangu tena wala si mali yako. Ukiyafunga, yafunge kama unavyofunga mzigo wa mtu mwingine."

Niliitikia inshallah, kama tunavyoitikia.

Mwaka wa pili yake tukachanga, nikayapeleka kwa fundi mmoja wa mjini. Fundi yule hakunificha kitu. Aliniuliza masuala matatu. Akasema: Magamba ya mbele na nyuma niyaache au niyatoe? Kingo nizikate kwa mashine zilingane, au zibaki kama zilivyo? Na la tatu, nishone ndani ya mkunjo, toleo baada ya toleo, au niyapange yote pamoja nitoboe pembeni kwa keekee? Akanieleza pia tofauti ya bei, maana kushona mkunjoni ni kazi ya siku nzima kwa kitabu kimoja, na kutoboa pembeni ni ya nusu saa.

Nilimjibu maneno matatu ambayo nayajutia: "Fanya yaliyo nadhifu."

Naye akafanya. Magamba yalikuwa yamechakaa, mengine yana matangazo ya sabuni na mafuta ya taa, akayatoa. Kingo akazikata. Pembeni akatoboa. Yakarudi majuzuu tisa, kila mwaka juzuu lake, kitambaa cha kijani kibichi na maandishi ya rangi ya dhahabu mgongoni. Ndugu msomaji, nilifurahi kama aliyejenga msikiti. Siku ya Maulidi niliyapanga mezani watu wayaone, na watu wakayaona, wakayasifu, na hakuna aliyefungua hata moja.

Waliofungua ni wanafunzi, na hao ndio walionionyesha mapema kwamba pana kasoro. Kitabu kilichotobolewa pembeni hakifunguki. Hufunguka kama mlango uliofungwa mnyororo kwa ndani. Keekee lilipita upana wa kidole kutoka mgongoni, na pambizo ya ndani yenyewe ilikuwa kidole na nusu, kwa hiyo mwanzo wa kila mstari wa ukurasa wa kulia umezama shimoni. Mwanafunzi anakibonyeza kwa kiganja ili asome, na karatasi inavunjika pale pale kwenye msitari wa matundu. Karatasi ya magazeti ile ni dhaifu kwa asili yake. Imetengenezwa kwa mti uliosagwa, na mna asidi ndani yake inayoila polepole, ikawa ya manjano, kisha kahawia, mwisho ikakatika kama mkate mkavu. Kufika mwaka 2003 juzuu la 1971 lilikuwa likidondosha kurasa. Nikazibandika kwa utepe wa plastiki, kosa juu ya kosa, maana gundi ya utepe ule huoza ikaacha alama kama ya mafuta, isiyosafishika.

Hata hivyo sikujiona mkosa. Nilisema vitabu vimezeeka.

Mwaka 2014, baada ya Iddi Ndogo, alinijia mama mmoja kutoka Ukerewe. Alikuwa amevuka na meli ya asubuhi kutoka Nansio, na vumbi la njia bado liko kwenye baibui lake.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mama. Karibu."

Akaniambia kwamba baba yake alifariki 2011. Alikuwa mtu wa upande wa Lindi, aliyekuja Ukerewe kijana kufuata kazi ya pamba, akaoa, akajenga, asirudi tena. Kwao aliacha ndugu watatu, waliochangia baba na mama, na wakiandikiana. Ilipofika 1973, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wa kijiji chao walihamishwa, na barua zake zikaanza kumrudia na muhuri juu. Alipoona hivyo aliliandikia gazeti, akataja majina matatu kamili, na majina ya baba na babu, na jina la kijiji cha zamani, akaomba mwenye kuwajua amjibu. Gazeti likaitoa khabari hiyo. Hakujibiwa. Nakala yake ikaloa mvua mwaka fulani, ikatupwa.

"Mimi ni mtoto wake pekee," akasema, "na mama alitangulia. Nimewauliza masheikh, wameniambia nusu ya nyumba ni yangu, na nusu iliyobaki ni ya ndugu zake baba, au ya watoto wao wa kiume ikiwa wao walikwisha kufa kabla yake. Nyumba naikalia, na vyumba viwili nimepangisha. Nusu ya kodi naiweka pembeni kila mwezi. Sijui nimpe nani. Baba zangu hao nawajua kwa majina ya nyumbani tu, yale ya utani. Nimesikia madrasa yenu ina magazeti ya miaka ile yote, yamefungwa vizuri."

Yamefungwa vizuri. Alilitamka bila ya kejeli, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa.

Nikamuuliza mwezi. Akasema baba yake akisema siku zote, "Ilitoka katika toleo la Iddi Kubwa, mwaka 1974." Nikatoa juzuu la 1974, nikafungua Januari. Katika orodha ya yaliyomo nikasoma, mstari wa mwisho: "Wasomaji wanatafutana, uk. 31." Moyo ukafurahi. Nikafunua mpaka mwisho wa Januari, nikakuta ukurasa wa 30, na baada yake unaanza Februari, ukurasa wa 3.

Nikarudi nyuma. Nikahesabu tena kwa kidole. Kila toleo lilianzia ukurasa wa 3 na kwisha wa 30. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa nimeyatunza majuzuu yale, na sikuwahi kujiuliza ukurasa wa 1 uko wapi. Gazeti lile lilikuwa karatasi nane zilizokunjwa pamoja na kubanwa kwa pini mbili katikati, kurasa 32, na ile karatasi ya juu kabisa ndiyo gamba. Upande wake mmoja ulikuwa na jina na picha. Upande wa ndani kwa nyuma, chini ya tangazo la sabuni, ndipo watu walipokuwa wakitafutana.

Mama yule hakunilaumu. Alikivuta kitabu upande wake, akapitisha kidole pale penye mshono, akasema taratibu, "Kumbe lilikuwa hapa."

Kulikuwa na jambo jingine la kumwambia, na nililiona siku ya tatu nilipokaa na kalenda. Mwaka 1974 ulikuwa na Iddi Kubwa mbili. Mwezi kumi Dhulhija ya mwaka 1393 iliangukia siku za mwanzo za Januari, na mwezi kumi Dhulhija ya mwaka 1394 ikaangukia mwishoni mwa Disemba. Kwa hiyo ukurasa ule wa 31 ulikuwa ama wa Januari ama wa Disemba, na mimi nilikuwa nimetupa yote miwili.

Tangu hapo nikajifunza kujalidi, utu uzima, kwa mtumishi mmoja mstaafu wa maktaba ya umma aliyekuwa na subira kubwa. La kwanza alilonifundisha ni kutoshika sindano. Alinikalisha na juzuu moja siku mbili nzima, nihesabu kila ukurasa na kuandika kinachokosekana. Akasema kazi ya kujalidi huharibika kabla ya gundi kufunguliwa, kwani fundi hujalidi anachopewa, na mwenye kujua kilichomo ni wewe uliyekileta. Akaniambia pia kwamba magamba na matangazo, ambayo kila mtu huyatoa, ndiyo hutafutwa zaidi baada ya miaka hamsini: bei ya sukari, picha ya duka, jina la mtu. Makala mara nyingi huchapwa tena mahali pengine. Na hili ni kweli. Gazeti la Sahifa, alilolianzisha Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui Mombasa mwaka 1930, makala zake tunazisoma mpaka leo kwa kuwa zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Lakini nani aliyekusanya salamu za wasomaji?

Kisha tukafungua mishono ya zamani. Hapa nilipata rehema nisiyoistahili: fundi wa 1988 alitoboa pembeni lakini mgongo hakuukata, kwa hiyo mikunjo ilikuwa mizima. Lau angeukata mgongo, kila karatasi ingekuwa peke yake, na ingebidi kuziunga mbili mbili kwa vipande vya karatasi nyembamba ili kupata mkunjo wa kushona. Tulitoa pini zilizobaki, zilizokwisha kuota kutu na kula karatasi pembeni yake. Tukashona ndani ya mkunjo, toleo baada ya toleo, sindano ikitoka nje, ikizunguka utepe wa pamba na kurudi ndani, matoleo kumi na mawili juu ya tepe tatu. Kitabu kilichoshonwa hivi hulala wazi mezani chenyewe, wala hakihitaji kiganja.

Kuhusu uzi nilikuwa na ujuaji wangu. Mwanza ni mji wa nyavu, nikasema nitatumia uzi wa nailoni, usiooza wala kuliwa na mende. Nikaenda Mwaloni, Kirumba, nikamkuta mzee akitia viraka nyavu yake, nikamweleza. Akacheka. Akachukua karatasi iliyofungiwa dagaa, akapitisha uzi wake, akavuta kidogo tu, na karatasi ikachanika moja kwa moja. "Sheikh, huu nimewekewa kwa ajili ya sangara," akasema. "Karatasi yako itakatika yenyewe kabla ya uzi." Nikarudi na uzi wa pamba, nikaupaka nta. Uzi ukikatika siku moja, utashonwa tena. Karatasi ikikatika haishoneki.

Gundi nayo tulipika ya unga wa ngano, nyepesi, na mrututu kidogo sana wa kufukuza wadudu. Tulitumia hiyo kwa sababu moja: ikitiwa maji hulegea, na atakayekuja baada yangu akiona nimekosea ataweza kufungua. Wale wanaosifu gundi isiyobanduka milele, mimi nawaogopa.

Nilifanya na upumbavu mmoja, nao nausema. Sisi watu wa pwani tuna fakhari yetu katika kazi hii. Siyu, katika kisiwa cha Pate, iliandika na kujalidi misahafu mizuri mno karne za kumi na nane na kumi na tisa. Na kabla ya hapo sana, kitabu kinachonasibishwa na Al-Muizz bin Badis, mtawala wa Ifriqiya aliyefariki 1062, kina mlango mzima wa kujalidi. Nikatamani majuzuu yangu yawe kama misahafu ya kale, yenye ulimi wa ngozi unaokunjwa na kufunika ukingo wa mbele. Nikajalidi juzuu la 1970 hivyo. Likapendeza. Lakini msahafu hulazwa, na ulimi wake hukaa chini ya uzito wake wenyewe; magazeti husimamishwa yakabanana, na kila ukilivuta juzuu jirani, ulimi wa lile langu hunasa na kuvutika. Mwezi wa pili ulikuwa umechanika. Nikaondoa ulimi, nikaweka jalada la kawaida la kadibodi na kitambaa, na mgongoni mwaka wa miladi na wa hijria kwa wino, bila ya dhahabu.

Kijana mmoja wa madrasa aliniambia, "Maalim, tupige picha kwa simu zote, makaratasi tuyatupe." Kupiga tumepiga. Lakini picha ya kitabu kisichofunguka hutoka na kivuli cheusi katikati, maneno yamezama vile vile. Tuliweza kupiga vizuri baada ya kushona upya. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha miaka ya 2010, na sikusikia mtu aliyesema kwamba sasa ichomwe.

Lililobaki ni mwaka 1974. Hili sikulijalidi upesi. Niliandika barua Tanga, Pangani, Bagamoyo na Mombasa, kwa kila nyumba niliyodhani ina sanduku. Nyumba nne zilinijibu. Bibi mmoja alinitumia kwa basi matoleo matano ya mwaka ule yakiwa na magamba yake, yamefungwa ndani ya kanga. Januari ilikuwamo. Tulimpigia simu mama wa Ukerewe, akaja, tukafungua ukurasa wa 31 pamoja. Walikuwamo watu kumi na mmoja wanaotafutana. Baba yake hakuwamo.

Basi ni Disemba. Jina la gazeti nimelificha kwa kuwa mama huyu hapendi mambo ya mirathi yake yatambulike, nami nimekwisha kumkosea mara moja. Lakini mwenye magazeti yoyote ya Kiislamu ya Disemba 1974, tafadhali na afunue gamba la nyuma, atazame kwa ndani. Akiona mtu wa Ukerewe anawatafuta nduguze wa Lindi, amwandikie mhariri wa gazeti hili, naye atanifikishia.

Mwaka jana juzuu lile lilianza kuharibika kwa kukaa bila ya jalada, nikaona nalishone. Penye toleo linalokosekana, maktaba huwa hazilibani juzuu likajaa. Hushona humo vishina, yaani vipande vyembamba vya karatasi ngumu, unene wa toleo lenyewe, ili likipatikana libandikwe mahali pake bila ya kufumua kitu. Matoleo sita yasiyokuwa na magamba niliyawekea kishina chembamba kila moja, na mwisho, baada ya Novemba, nikaweka kimoja kinene. Ile Disemba yetu iliyokatwa gamba nimeitia ndani ya bahasha, ikae nje mpaka nzima ipatikane.

Mama alikuja wakati nafunga fundo la mwisho. Akatazama, akakigusa kile kishina kinene.

"Na hiki?"

"Hapo ndipo pa Disemba."

Akakipima kwa vidole viwili, kama anayepima kitambaa. "Patatosha?"

"Kurasa 32," nikamwambia. "Panatosha."